Jina Ndani ya Kifuniko cha Cheni

Daktari wa meno Pellacani aliniletea gari lake Jumatatu asubuhi, na nilipoinua boneti nikasonya. Injini ilikuwa imesuguliwa mpaka unauona uso wako kwenye vifuniko vya kamshafti. Nati zote zimepakwa nikeli. Hata bano la dinamo, kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili anayekiangalia, lilikuwa limepigwa rangi ya fenicha. Nikafungua kizibo cha oili, nikaingiza kidole, nikakitoa na ute wa rangi ya maziwa yaliyochacha.

"Hii nini, daktari?"

"Mvuke tu huo, mama Iride. Halitembei sana wakati wa baridi."

"Halitembei kabisa. Unalisugua tu. Na meno ya wagonjwa wako ndivyo unavyoyasugua, huku yanaoza ndani?"

Akacheka. Watu wa Modena hucheka nikiwatukana, wanadhani ni sehemu ya huduma.

Ute ule maana yake maji yameingia kwenye oili, na maji yakiingia kwenye injini hii najua yamepitia wapi. Ninaijua kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Silinda sita kwa mstari mmoja, lita tatu na nusu, kamshafti mbili za kufungulia vali juu ya hedi, plagi mbili kwa kila silinda, kabureta tatu. Kijitabu cha kiwanda kinasema ina nguvu farasi mia mbili thelathini na tano. Toa kumi na tano, hao ni farasi wa kumfurahisha mteja. Kiwanda chenyewe kilikufa zamani, pale nyuma ya reli, na sasa panauzwa vigae vya choo.

Inavuja oili nyuma ya krankshafti tangu siku iliyozaliwa. Cheni inayozungusha kamshafti hulegea kila kilomita elfu thelathini, na ikilegea utadhani mtu anatikisa droo ya vijiko. Gasketi ya hedi, inayotenga maji na oili, huungua kati ya silinda ya tano na ya sita, mahali ambapo maji ya kupoza hayafiki vizuri. Yote hayo unayavumilia, maana ikiamka vizuri asubuhi ina sauti ya kukutoa machozi. Kisichovumilika ni vali za ekzosi. Shina la vali lina uwazi, na ndani mna sodiamu inayoyeyuka na kubeba joto kutoka kichwani. Wazo zuri kabisa. Ila kichwa na shina vimeunganishwa kwa kulehemu, na mshono ule huchoka. Kilomita elfu arobaini, basi. Ukizidisha, siku moja kichwa kitakatika kiangukie pistoni, na kwa mizunguko elfu sita kwa dakika unabaki na ndoo ya vyuma chakavu, magurudumu ya nyuma yamekwama, nawe uko katikati ya kona.

"Nalitaka kabla ya Jumapili," daktari akasema. "Kuna mbio za kupanda mlima. Sveva ndiye atakayeendesha."

Sveva ni binti yake, ana miaka ishirini na minne, na ana mguu mzito kwenye pedali ya mafuta. Nimeona anavyoendesha.

"Vali za ekzosi zimebadilishwa lini?"

"Unaniuliza mimi? Aliyezibadilisha ni baba yako! Nimelinunua kwa sababu hiyo. Tangu hapo limekwenda kilomita elfu kumi na moja tu."

Nakiri kwamba moyo ulinifurika fahari. Huku kwetu fundi akifungua injini hukwaruza jina lake kwa msumari ndani ya kifuniko cha cheni, pamoja na tarehe na kazi aliyofanya. Hakuna anayeliona ila fundi atakayefungua baada yake. Stakabadhi hupotea, wenye magari hudanganya mpaka wanauamini uongo wao wenyewe, lakini kifuniko, tuliambiwa, hakina sababu ya kudanganya. Miaka arobaini nimekuwa nikisoma vifuniko. Yapo majina nikiyaona natema mate sakafuni, hapo hapo, mbele ya mteja.

La kwanza ni la Oreste Zaccarelli. Mwaka themanini na tatu Oreste alirekebisha kabureta za gari la namna hii hii, ambalo baba alikuwa amelitengeneza miaka miwili kabla. Wiki iliyofuata vali ikakatika kwenye kona, na muuza jibini mmoja aliyehamia huku kutoka Reggio akabaki akitembelea fimbo maisha yake yote. Baba alisimama kwenye baa ya uwanjani akasema Oreste kapunguza petroli mno, kaichoma vali ya watu. Oreste akabwabwaja kitu kuhusu mihuri, tukamzomea. Krismasi haikufika kabla hajafunga gereji. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na tangu siku hiyo fundi mbovu kwangu aliitwa Oreste. Sufuria ikiungua nyumbani nasema imepikwa na Oreste.

Kufikia Jumanne mchana nilikuwa nimeng'oa hedi. Gasketi imeungua palepale pa siku zote. Nikafungua kifuniko cha cheni, nikakifuta kwa petroli, na jina likatokea, kwa ile hati ndogo iliyosimama wima: *Ermes Cavazzuti, 14-8-81, vali 6 za ekzosi mpya.* Nikapitisha kidole gumba juu yake. Baba amelala makaburini mwaka wa kumi na saba huu.

Kutoa vali, kuzipima na kuzirudisha kungenila siku mbili, na Jumapili haikuwa mbali. Jina limo. Fundi yeyote wa bonde hili angefanya nilichoamua kufanya, yaani gasketi mpya, cheni mpya, kufunga. Jumatano jioni nikachukua msumari nikaanza kukwaruza jina langu chini ya lake. Nikaandika jina. Nikafika kwenye tarehe, nikainua macho kutazama yeye aliipangaje.

Tarehe kumi na nne mwezi wa nane.

Kesho yake ni sikukuu ya Bikira Maria. Wiki ile hapa kwetu hupati skrubu, hupati kinyozi, hata padri humpati mpaka umtafute baharini. Vali zile zilichongwa Torino na mtu mmoja tu, naye alifunga tarehe mosi na kufungua Septemba. Na baba hakuwa mtu wa kuweka akiba. Aliagiza, akasubiri wiki tatu, akalalamika. Mwaka ule aliringa mtaa mzima kwamba amefunga injini mbili kabla ya likizo, na kumi na tano asubuhi tulikuwa njiani kwenda Cesenatico, ufukweni, yeye anaimba kwenye usukani, mimi na mama nyuma na mabegi.

Injini mbili. Hii, na ile ya muuza jibini, na zote zililetwa Agosti, Torino imeshafungwa.

Nilizitoa vali zote sita. Zile za Torino hazikuwa na alama yoyote. Hizi zilikuwa na muhuri wa kiwanda kwenye ncha ya shina, na mwaka, sitini na tatu. Nikaziweka chini ya lenzi moja moja. Kwenye ya tatu, palepale kwenye mshono, ufa ulikuwa umezunguka nusu shina.

Nilikwenda nikanawa mikono, nikarudi, nikaenda kunawa tena. Nilichukia harufu ya oili, nilichukia koti la kazi la baba ambalo sijawahi kulitoa kwenye msumari nyuma ya mlango, nilichukia samaki wa kukaanga niliowala Cesenatico wiki ile na kujilamba vidole. Alimwona yule muuza jibini na fimbo yake kila Jumapili kanisani. Alimpa mkono! Na mimi, jana tu, nilikuwa nikilipapasa jina lake kama sanamu ya mtakatifu, na ningemkabidhi binti wa watu gari lile huku nikitabasamu.

Alhamisi daktari akaja na chupa ya divai ya lambrusko, kashangilia mapema.

"Jumapili hakuna mbio," nikamwambia. "Vali ni za zamani. Moja inakaribia kukatika."

"Haiwezekani. Jina la baba yako si limo?"

"Limo."

Akaishika ile vali ya tatu, akaiangalia kwa jicho la mtu aliyezoea nyufa ndogo. Rangi ikamtoka. Kwa muda nilimwonea huruma, maana alikuwa anamwaza Sveva. Kisha nikaona anawaza jambo lingine.

"Basi weka mpya," akasema polepole. "Tutasubiri, hakuna neno. Ila kifuniko... kifuniko kiache kilivyo, mama. Ukiweka mpya, yaliyoandikwa yatakuwa kweli, sivyo? Nani ataumia? Jina lile ndilo nililolinunua. Na ni jina lako pia."

Hakuwa mjinga, na ndiyo maana nilitaka kumtapikia viatu. Lile wazo lilikuwa limenijia kabla yake, usiku, na nilikuwa nimelikalia mpaka kunakucha.

"Chukua chupa yako, daktari," nikasema.

Nikakifunga kifuniko kwenye gazeti, vali nikaitia mfukoni, nikaenda baa ya uwanjani. Oreste anacheza karata pale kila siku baada ya chakula cha mchana. Ana miaka sabini na saba sasa, shingo nyembamba, shati safi. Miaka yote hiyo nikiingia, nimekuwa nikimpa mgongo na kuagiza kahawa. Siku hiyo nilikwenda mezani kwake nikaweka vitu vile juu ya karata.

"Binti Ermes," akasema. "Umekosea meza."

"Soma."

Akavaa miwani. Akasoma kifuniko, akageuza vali akatazama ncha, akairudisha. Wenzake walikuwa wameacha kucheza.

"Ulijua?" nikauliza.

"Ile ya Reggio ilikuwa na muhuri huu huu. Kipande cha shina kilibaki, nikampelekea baba yako. Akakitia mfukoni."

"Na kwa nini hukusema?"

Alinitazama bila hasira yoyote, na ningependelea anipige.

"Nilisema. Hapahapa. Nilisema vali zilikuwa na mihuri. Wewe ulikuwa umekaa pale kwenye mashine ya kahawa, una gauni la manjano. Ndiwe uliyeanza kuzomea."

Sikuwa nimelisahau lile gauni. Nilikuwa nimesahau nani aliyeanza.

Nikatoa msumari wangu nikamsogezea. "Andika wewe. Andika yaliyotokea, chini ya jina lake."

"Sijaifungua injini hii mimi," Oreste akasema, akausukuma msumari ukarudi upande wangu. "Siandiki jina kwenye kazi ya mtu mwingine."

Basi nikakaa. Mmoja wao akanipisha kiti, mwingine akasogeza glasi. Chini ya hati ya baba, na chini ya jina langu nililoliacha njiani Jumatano, nikakwaruza, alumini ikitoa ule mlio wa kuumiza meno: *Si kweli. Vali ni za kiwanda, 1963. Na ile ya Reggio vilevile. Oreste Zaccarelli hakukosea.* Nikapuliza vumbi nikamgeuzia asome.

Alisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno. Alipofika kwenye jina lake kidole kikasimama kidogo, kisha kikaendelea mpaka mwisho.

"Tarehe," akasema. "Hujaweka tarehe."

Nikauchukua tena msumari, nikaiweka.