Uzito wa Kifyatulio

Kasiani alikuwa askari wa wanyamapori, mtu mzima aliyebakiza kidogo tu astaafu, na alikuwa na aibu ya kijinga. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimelegea tangu masika, na hakumwambia mtu. Hata mkewe Magreth, pale Rahaleo, alimficha. Akawa anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, akisingizia haraka. Badala ya kwenda hospitali, akaenda kwa fundi wa bunduki. Jamani!

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mitutu miwili na vifyatulio viwili, cha mbele kwa mtutu wa kulia, cha nyuma kwa mtutu wa kushoto. Fundi Mathayo alikuwa na njia yake ya kupima uzito wa kuvuta kifyatulio. Aliibana bunduki tupu kwenye jiliwa, mdomo ukitazama juu, akaning'iniza chupa kubwa ya plastiki kwenye kifyatulio kwa ndoano ya waya, kisha akaimiminia maji kidogo kidogo mpaka kifyatulio kikaachia. Cha mbele kilitaka chupa ikaribie kujaa. Cha nyuma kilitaka ijae pomoni. Kasiani aliomba vyote viwili vipunguzwe mpaka nusu chupa.

Mathayo alicheka, kisha akaona mwenzake hatanii. Akamweleza kwamba bunduki hii ina teke. Kifyatulio cha nyuma kikiwa laini, teke la risasi ya kwanza litaifyatua na ya pili, zitoke zote pamoja, naye abaki ameshika rungu mbele ya kiboko aliyejeruhiwa. Na cha mbele kikiwa laini, tawi la mkorosho tu litamuulia mtu njiani. Akamuuliza kulikoni, mbona miaka yote uzito huo haukumsumbua. Hapo ndipo Kasiani alipopaswa kufungua kinywa, na hapo ndipo alipokifumba. Fundi alikataa katakata, akamrudishia bunduki kama ilivyokuwa, akampa na chupa ile na ndoano yake akajifanyie mazoezi. Kasiani akaitia chupa mkobani.

Basi huko kando ya Ruvuma, kwenye kitongoji kimoja kupita Mahurunga, kiboko alikuwa amemuua mkulima aitwaye Mussa. Jafari, kaka wa marehemu, alikuwa haambiliki. Kiboko yule alikula mpunga wa kila mtu, lakini majaruba ya Bi Tatu, mjane aliyeishi peke yake, hakuyagusa. Maneno yakaanza chinichini kwamba kiboko yule ni wa mtu, ametumwa.

Kasiani aliletwa. Kulipopambazuka akasimama nyuma ya tuta, Jafari na wanaume wengine wakiwa nyuma yake. Kiboko akatoka kwenye mpunga akirudi mtoni, akapita karibu mno, ubavu wazi. Kasiani akalenga vizuri, akavuta. Kidole kikakaa tu pale, kama cha mtu mwingine. Akajaribu cha kati. Mitutu ikayumba, shabaha ikapotea. Kiboko akateremka majini taratibu, wala hakugeuka.

Jafari akasema polepole, "Bunduki imekataa."

Jua halijawa kali, kitongoji kizima kilikuwa uani kwa Bi Tatu, na vijana walishapanda kung'oa makuti ya paa. Mwenyekiti alisema mama huyu ahame leo hii, kwa usalama wake mwenyewe. Usalama, ati! Bi Tatu alikaa juu ya kinu kilicholazwa, hajitetei. Kasiani roho ilimuuma, aibu yote ikamtoka. Akasimama mbele yao akasema bunduki haikukataa, kilichokataa ni kidole chake. Akatoa chupa ya Mathayo, akaijaza maji ya mtungini, akaitundika kwa ndoano kwenye kidole cha Jafari. Jafari akaishika bila taabu. Akaitundika kwenye kidole chake mwenyewe. Kidole kikanyooka, chupa ikaanguka, maji yakamwagika uani.

Waliokuwa juu ya paa waliacha kung'oa. Kasiani akashusha pumzi, akidhani yameisha.

"Kidole kimeanza lini, bwana nyama?" Jafari alimuuliza, safari hii kwa huruma.

"Tangu masika."

"Masika ulipokuja hapa, ulikula kwa nani?"

Wote walikumbuka kwamba mvua ilimkwamisha Kasiani, kwamba ni Bi Tatu aliyempikia ugali wa muhogo kwa samaki, na kwamba aliusifia mbele yao. Kasiani alisema ni ugonjwa, ni mishipa, atakwenda hospitali alete maneno ya daktari. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Walimshika mabega kwa upole, wakampa pole, wakamwambia si kosa lake. Makuti yakaanza tena kuanguka.

Bi Tatu akainuka, akafunga nguo zake kwenye khanga.

"Ungenyamaza tu, mwanangu," akamwambia, bila hasira.

Kasiani akaomba walau ambebee furushi mpaka barabarani. Akalipokea kwa mkono wa kulia, kama mtu anavyopokea kitu kwa mzazi, likamponyoka. Likaanguka miguuni pa yule mama, na watu wote wakaona.