Alama ya Kufunga Kidirisha

Mpwa wangu alikuwa amebakiza siku mbili za majaribio ya kazi. Alikuwa ameunda kurasa za gazeti la ajira kwenye mtandao, na Mkurugenzi alimwambia waziwazi: wasomaji wakizidi kupungua, afungashe virago. Wakati huo vidirisha vya kuchomoza juu ya ukurasa vilikuwa vipya, na kila fundi aliweka njia ya kuvifunga anavyojua mwenyewe.

Niliitwa ofisini kama msomaji wa kawaida. Nilivaa tai.

Kabla sijamaliza mstari mmoja, kidirisha kikachomoza katikati: "Jiunge nasi leo!" Nilikisoma chote, kisha nikakunja mikono.

"Mjomba, mbona umetulia?"

"Namsubiri amalize, aende zake."

"Haendi mpaka umfunge."

"Nimfungie wapi?"

Mpwa wangu alimtazama Mkurugenzi, aliyesimama nyuma yetu. "Chini kabisa, Mjomba. Chini ya masharti, kwa herufi za kijivu."

"Niliagiza mimi," Mkurugenzi akasema. "Ukimwonyesha mteja mlango, anatoka."

Nilimweleza, kwa heshima zote, kwamba nilikuwa tarishi miaka thelathini na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuwakatiza wakubwa mkutanoni. Nilisimama kando ya mlango, nikasema neno moja, na kila mtu aliona mlango nitakaotokea nikishamaliza. Aliyenitangulia alikuwa akiingia hadi katikati ya chumba na kuegemea meza. Alidumu wiki moja.

"Mzee, hii ni kompyuta."

"Naam. Basi kifunge wewe, bosi."

Akakaa. Kioo cha mashine ile kilikuwa kidogo kuliko cha ofisini kwake, na zile herufi za kijivu zilikuwa zimebaki nje ya kioo. Alibofya huku, akabofya kule, akapiga meza kidogo. Mwishowe akaandika anwani yake, akajiunga ili aachiwe.

Mpwa wangu akafungua orodha. "Bosi, waliojiunga wiki hii ni tisa. Wanne ni wewe, pamoja na huyu wa sasa hivi."

Mkurugenzi alirekebisha mkanda wa suruali.

"Weka herufi X pembeni, juu," akasema. "Kubwa. Ionekane hata na mzee."

Ijumaa wasomaji walikuwa wameanza kurudi. Mkurugenzi alisambaza waraka kueleza jinsi alivyobuni ile X. Mpwa wangu alinisomea waraka huo kwa simu, neno kwa neno, bila kucheka.

"Nenda ukamwambie ukweli," nikasema.

"Mjomba, nimeshasaini mkataba wa miaka miwili. Ukweli utakaa tu hapo ulipo."