Ukurasa wa Mfadhili

Zamani zile jarida lao lilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la rangi, na kila aliyepanda ngazi alifika akipiga chafya. Mhariri akizikumbuka siku hizo hucheka peke yake. Walikuwa watatu: yeye, marehemu mumewe aliyelianzisha jarida, na kijana waliyemwita Koma, kwa kuwa sentensi haikumpita bila kupachikwa alama hiyo. Kazi yao ilikuwa kuandika habari za mashirika ya misaada: nani anachangisha, nani anajenga, nani anakula.

Na walikuwa na ada yao. Yeyote aliyewapa kitu, hata kiti kibovu, toleo lililofuata lilimwanika ukurasa mzima: kakipata wapi, anatoa kwa nini. Shemeji mmoja aliwapa friji, Koma akamhoji mchana kutwa. Mpaka leo haji kwao bila kununa.

"Wasomaji wakiona hata shemeji hakupona, watatuamini," mume alikuwa akisema.

Wafadhili walitimua mbio, kweli kweli. Lakini yale ndiyo yalikuwa maisha! Mhariri angetoa chochote awasikie tena wale wawili wakigombania kichwa cha habari huku chai inapoa.

Sasa mume hayupo, waandishi hawajalipwa, na mwisho wa mwezi mlango utafungwa. Na aliyeketi mbele yake na mkataba, suti imemkaa sawasawa, ni Koma. Aliwaacha kitambo akaenda kwenye mfuko mkubwa wa ufadhili, na siku hizi yeye ndiye anayepitisha maombi ya ruzuku.

"Dada, miaka miwili. Kodi, mishahara, kila kitu. Ila nakuomba jambo moja. Ule ukurasa, safari hii uuache."

"Limo kwenye mkataba?"

"Halimo. Bodi haijui hata kama ukurasa upo. Ni mimi ninayeomba."

Mhariri aliutazama mkataba. Chumba cha pili waandishi wake walijifanya wanachapa kazi, masikio yote huku. Saini moja tu. Nani angemlaumu? Mumewe angemlaumu, na hilo lilimuuma kuliko kodi.

"Koma, si wewe uliyemtoa jasho shemeji kwa ajili ya friji?"

"Nilikuwa mtoto, dada."

"Ulikuwa mwandishi."

Akavuta karatasi tupu. Koma alipoiona alishusha pumzi.

"Haya, uliza."

Akauliza swali la kwanza, lilelile alilolitunga Koma mwenyewe enzi hizo: "Ni kitu gani mngependa tusikiandike?"

Koma aliinamisha kichwa. "Kwamba kaka aliomba ruzuku kwetu mara mbili, akiwa hai. Akakataliwa zote mbili. Aliyemkataa ni mimi. Niliogopa mngenihoji."

Mumewe, kitandani siku za mwisho, alikuwa akisema, "Yule mtoto angekuwa na uwezo, angetusaidia."

Mhariri alilia bila kujificha. Kisha akaandika jibu lote, neno kwa neno, akamsomea alihakikishe.

"Bodi ikilisoma hili, fedha hazitoki," Koma alisema.

"Najua."

"Na mimi kazi sina."

"Najua, mdogo wangu. Swali la pili."