Corbin Avuka Mstari

Twyla Stidham alikuwa ameshafunga vifungo vyote vya koti la kulengea, lile gumu linalomfanya mtu atembee kama bata, kaka yake Corbin alipompita na karatasi za shabaha mkononi. Alivuka mstari wa kufyatulia, akaenda hadi mwisho wa ukumbi, akaanza kubandika. Shabaha za fainali ya vyuo vikuu ni za umeme, hazibandikwi kitu, lakini Corbin alifia kwenye ukumbi wa mazoezi, wenye shabaha za karatasi, mwezi Oktoba, na mazoea hayamtoki mtu upesi.

Twyla akachomeka kibendera cha rangi ya chungwa kwenye bunduki yake kuonyesha ni tupu, akainua mkono.

"Kuna mtu mbele."

Kentucky watoto hufundishwa hilo kabla ya kuendesha gari: mtu akivuka mstari, bunduki haziguswi. Wenzake saba wakachomeka vibendera vyao, wakarudi nyuma. Mmoja alipiga mwayo.

Hivyo ndivyo ingepaswa kuwa Oktoba. Siku ile kocha wao, Prewitt, aliamuru "Anzeni" amewapa mgongo, anacheka na wafadhili, na Corbin bado yuko kwenye shabaha. Chuo kikatangaza kwamba kijana alivuka mwenyewe bila ruhusa. Mama yao anaomba kitu kimoja tu, maneno hayo yafutwe. Twyla aliona kila kitu na hakuna aliyemuuliza. Inauma, asikwambie mtu.

Mwamuzi mkuu, Bi. Ostrander, alisogea taratibu akavaa miwani.

"Si ndiye yule marehemu?"

"Ndiye."

"Basi endelea, mwanangu."

"Kanuni inasema mtu yeyote."

"Mtu yeyote aliye hai. Usituchoshe, watu wa televisheni wanasubiri."

Kule mbele Corbin aligeuka. "Jamani, huku salama?"

Bi. Ostrander akaamuru waanze, na wale saba wakaanza. Corbin alihama shabaha hadi shabaha, risasi zikimpita kifuani na kupiga katikati, safi kabisa. Kila mlio alijikunyata, kisha akaendelea kubandika. Twyla hakuchomoa kibendera. Alikuwa akiongoza tangu asubuhi. Muda ulipokwisha alikuwa wa mwisho, na ubingwa ukaenda kwa msichana wa Alaska, aliyekuja kumpa pole ya kweli.

Corbin alipomaliza alitoka kwa mlango wa pembeni.

Kocha Prewitt alimkuta Twyla akifunga sanduku la bunduki. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alimwekea mkono begani.

"Umeona sasa, Twyla? Ukumbi mzima umeona. Nani kamtuma avuke?"

Twyla alibana vifungo vya sanduku, kibendera kikiwa bado kwenye bunduki.

Jioni chuo kikatangaza kwamba Corbin Stidham alivuka mstari bila ruhusa, safari hii mbele ya mashahidi.