Shanga za Chumba cha Pasi

Mchana, katika chumba cha pasi kisicho na dirisha, Mvuke, mpiga pasi, alikuwa ananyoosha pindo la shuka la hoteli shanga zilipoanza kuonekana chini ya ngozi ya mikono yake. Zilikuwa ndogo kuliko punje za mtama, zimeshikana tatu tatu. Kila aliposukuma pasi, ushanga wa mwisho wa kila tatu ulikatika ukatoa mwanga, na mkono ukasogea. Mbili zilizobaki zilirudi taratibu kuelekea tumboni, kama watu wanaotoka kazini.

"Umeanza kuwaka, dada," alisema mdogo wake, mkunja shuka wa meza ya pili.

"Naona. Nishikie ncha hiyo."

Hakuna aliyeacha kazi, ila wote walipunguza mwendo ili watazame. Ilipendeza mpaka ikatisha. Shanga zisizohesabika zilikatika ili kidole kimoja tu kikunjike, zikaungwa upya kabla hajashusha pumzi. Hata kupepesa kope kulikuwa na shanga zake. Msafishaji wa chumba hicho aliegemea ufagio wake ili aone vizuri.

Msimamizi alikuja, akatazama, akazima taa. Umeme ni ghali, alisema, na huyu anatosha. Wiki hiyohiyo alikuwa amefuta saa ya chakula.

Baadaye zile za tatu tatu zikapungua. Za mbili mbili zilifika tumboni, zikakuta patupu, zikasubiri. Zilipojaa zikaanza kudondoka sakafuni kupitia ncha za vidole.

"Fagia hizo," alisema msimamizi. "Zimeshatumika."

Msafishaji akazizoa, akazitia kwenye pipa. Mkono wa Mvuke ukagoma na pasi ikabaki juu ya shuka. Harufu ya kuungua ikaanza. Hapo kazini, anayeunguza shuka haruhusiwi kurudi kesho, na Mvuke alilijua hilo vizuri, lakini mkono haukuinuka.

Mdogo wake akaiondoa pasi. Kisha akaenda kwenye pipa, akazichota shanga kwa viganja.

"Hazijaisha hizi, bosi. Kila jozi imepungukiwa na ushanga mmoja tu."

Akammwagia dada yake kiganjani, zikazama ndani ya ngozi. Halafu akatoa kipande cha mkate alichokificha kwenye aproni.

"Na wewe je?" aliuliza Mvuke.

"Kula kwanza, maneno baadaye."

Mvuke akatafuna, akavuta pumzi. Wote waliona mkate na hewa vikikutana ndani yake, na kila jozi ikipokea ushanga wake wa tatu, mpaka bega zima likang'aa. Msafishaji alilia, wala hakuona haya. Mkono ukanyanyuka, ukaishika pasi.

Shuka lilikuwa limepona. Msimamizi akasema vizuri, kazi iendelee. Saa ya chakula hakuirudisha. Alipopanda ngazi kwenda kula chake, shanga zilimulika ndani ya suruali yake, tatu tatu, mbili mbili, sawasawa na za Mvuke.

Taa hazikuwashwa tena. Mvuke alinyoosha shuka kwa mwanga wake mwenyewe, akampitishia mdogo wake ncha, na ncha hiyo haikushikwa: mikononi mwa mdogo wake zilibaki za mbili mbili tu.