Koki ya Maji Moto ya Hévkút

Mji wetu wa Hévkút, hapa Hungaria, una vitu viwili vya kujivunia: maji yanayotoka ardhini yakiwa moto, na mjomba Dezső Csorba, ambaye hakuwahi kushindwa sataranji na mgeni yeyote. Wageni wetu walikaa miaka mingi wakidhani kwamba vitu hivyo viwili havihusiani.

Mimi, Kinga, nilikuwa mkalimani wa kamati ya urafiki. Mji wetu ulikuwa na udugu na mji wa Bad Ellern, Ujerumani, ambao nao una mabafu yake ya tiba. Kila walipokuja kulikuwa na hotuba, supu ya samaki, bendi ya zimamoto, na siku ya mwisho mchezo wa sataranji ndani ya bwawa kubwa. Ubao unaelea, wachezaji wamezama hadi kifuani, watu wote wamezunguka. Sisi tulipokwenda kwao, ambako walichezea mezani kama watu wa benki, mjomba Dezső alishikwa na mgongo na hakucheza.

Mambo yalikwenda hivi. Mjerumani alianza vizuri. Katikati ya mchezo uso wake ulianza kuiva, macho yakalegea, akaanza kusogeza kete kama anayefukuza nzi. Mwisho alitoka majini akiwa ameshikwa mikono. Na kanuni ilikuwa wazi: anayetoka majini kabla mchezo haujaisha, ameshindwa. Kanuni hiyo ilipendekezwa na mjomba Dezső mwenyewe.

Nyuma ya nguzo za bwawa kulikuwa na koki kubwa ya maji moto, na aliyeishika alikuwa Lajos Bene, fundi bomba, rafiki wa Dezső tangu walipokuwa jeshini. Dezső akikuna sikio, Lajos anafungulia. Dezső akipapasa masharubu, Lajos anafunga. Dezső mwenyewe, kwa kuwa alikulia katika bwawa lile, alistahimili joto zaidi kidogo kuliko mgeni, na hicho kidogo kilimtosha. Nusu ya mji ilijua. Asiyejua alikuwa mke wake, shangazi Margit, mwenyekiti wa kamati ya urafiki. Yeye aliamini kwa dhati kwamba Wajerumani wana mioyo dhaifu, na kila Jumapili kanisani aliwaombea.

Basi mwaka mmoja shangazi Margit alikwenda Vienna kwenye mkutano wa miji ya chemchemi, akarudi ametuletea ndugu wapya: mji wa Nukumizawa, Japani, uliojificha katika milima yenye theluji. Mimi nilikuwa nimesoma Kijapani chuoni Budapest na kila mtu alinicheka kwa hilo, kwa hiyo siku ile nilitembea barabarani kichwa juu.

Wageni walifika majira ya machipuko. Walikuwemo meya wao, madiwani, kina mama wa ngoma, na mchezaji wao, Mama Sonobe Fumie, mjane mwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mwanamke mzee, mdogo wa umbo, mpole, anayeinama kwa kila mtu hadi kwa mbwa wa meya. Kwenye karamu ya kuwapokea, Dezső alimtazama kwa muda, kisha akanivuta pembeni.

“Kinga, huyu bibi nimwonee huruma, au nimmalize mapema akapumzike?”

Nikamwambia aiulize dhamiri yake.

“Dhamiri yangu haijui sataranji,” akasema, na akaenda kuongeza supu.

Siku ya mchezo Mama Sonobe alijisugua mwili kwanza, kama ilivyo desturi ya kwao, pole pole, kila kidole, hadi watu wakaanza kunong’ona kwamba huenda safari ilikuwa na vumbi. Kisha akaingia majini, taulo dogo limekunjwa juu ya kichwa, na mimi nikaingia pembeni yake. Alipokaa niliona mabega yake yamejikunja.

Mchezo ulipoanza, kila mtu aliona kwamba bibi huyu hajui sataranji. Alimshika farasi akamrudisha, akamshika tena, kama mtu anayejaribu kukumbuka funguo ameziweka wapi. Dezső alikula farasi, akala ngome, akala farasi wa pili. Angemaliza bila jasho. Lakini mazoea ni kitu kibaya, na pia Lajos alikuwa ameshajiandaa, na Dezső hakutaka kumvunja moyo. Akakuna sikio.

Maji yakaanza kupanda joto. Mama Sonobe akafumba macho, mabega yakashuka, akavuta pumzi ndefu na kusema maneno machache. Nikatafsiri kwa sauti, maana ndiyo kazi yangu: anashukuru sana. Alikuwa anaogopa kupata mafua, ila ameona aibu kulalamika ugenini.

Shangazi Margit, aliyekuwa kasimama ukingoni na daftari la matokeo, alishtuka. Mgeni anatetemeka kwa baridi ndani ya bwawa la Hévkút! Akaligeukia lile eneo la nguzo na kumwagiza Lajos aongeze moto kwa ajili ya mgeni. Lajos akaongeza. Dezső akapapasa masharubu haraka. Lajos akaanza kufunga.

Hapo ndipo Mama Sonobe aliponiegemea.

“Yule bwana nyuma ya nguzo, kazi yake nini?”

Nikasema anaangalia mabomba.

“Na huyu mwenyeji wangu, sikio humwasha kila maji yanapotaka kupanda?”

Mkalimani mzuri anajua pa kunyamaza.

“Hilo usilitafsiri, mwanangu,” akasema, na akakuna sikio lake mwenyewe, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia.

Sasa mvuke ulikuwa umetanda, na kutoka kule nyuma Lajos hakuweza kuona sura ya mtu. Aliona vichwa viwili na mkono mmoja ukikuna sikio. Akafungulia. Dezső akapapasa masharubu, Mama Sonobe akakuna sikio. Lajos, mtu mtiifu, alizungusha koki huku na huku, lakini kwa kuwa sikio lilikuwa likikunwa mara nyingi zaidi kuliko masharubu yalivyopapaswa, moto ulizidi kupanda.

Watazamaji waliokuwa majini walianza kutoka mmoja mmoja. Meya wetu alitoka akisema ana simu ya kupiga. Mimi nilipanda ngazini nikabakiza miguu tu, na hiyo miguu nayo nilikuwa nikiitoa kwa zamu. Mama Sonobe aligeuza taulo kichwani, akatabasamu, na kumsogeza askari wake mbele kwa furaha, bila sababu yoyote.

Dezső alikuwa mwekundu kama pilipili iliyotundikwa kibarazani. Mkono wake haukubanduka kwenye masharubu.

“Mume wangu,” akauliza shangazi Margit, “hayo masharubu yamekukosea nini leo?”

“Yamelowa.”

“Uko majini, Dezső. Ulitaka yaweje?”

Dezső alikuwa akiutazama ubao kama mtu anayesoma gazeti la nchi nyingine. Akamchukua malkia wake na kumweka pale askari wa Mama Sonobe alipoweza kumla, na mama akamla kwa kuinama na kuomba radhi. Baada ya hapo mjomba alisimama, maji yakimchuruzika, akatangaza kwa heshima zote kwamba amekumbuka kuna jambo la dharura nyumbani. Akapanda ngazi mbili, na ya tatu akaangukia kifuani kwa mkewe.

Walimlaza kwenye benchi, wakammwagia maji ya baridi. Shangazi Margit alipohakikisha anapumua, aliifuata kanuni, maana hakuwa mtu wa kupinda mambo: aliyetoka majini ameshindwa. Akampa Mama Sonobe ushindi, watu wakapiga makofi kwa muda mrefu, wengine kwa furaha ambayo hawakujaribu kuificha. Mshindi aliomba abaki majini kidogo, kwa kuwa sasa ndiyo yamekuwa mazuri.

Mambo yangeishia hapo, kama Lajos asingetoka nyuma ya nguzo, shati limemganda mgongoni, akasimama mbele ya benchi na kusema mbele ya kila mtu, “Sasa ulitaka nifungue au nifunge? Maana sikio lako leo halikuwa na breki.”

Shangazi Margit alimtazama Lajos, akamtazama mumewe, akaitazama ile koki. Niliona kabisa jambo likimwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

“Wale Wajerumani,” akasema. “Wale niliowaombea.”

Dezső alifumba macho akajifanya amezimia tena, ila safari hii hakuna aliyemletea maji.

Hukumu ilitolewa na mke, si kamati. Koki ilifungwa kwa kufuli na ufunguo ukaning’inia shingoni mwa shangazi Margit, juu kidogo ya msalaba wake. Kwenye karamu ya kuagana mjomba aliwahudumia wageni supu, bakuli kwa bakuli, akiwa na aproni ya mkewe yenye maua. Alipofika kwa Mama Sonobe aliinama zaidi kuliko ilivyohitajika. Yule mama akaniomba nimwambie kwamba yeye sataranji amejifunzia kwenye ndege, kutoka kwenye kitabu cha marehemu mumewe, na kwamba kama bwana hana kinyongo, angependa afundishwe na mtu anayejua kweli. Dezső aliweka sufuria chini. Walikaa na ubao pembeni ya karamu hadi bendi ilipofunga vyombo, na sikumbuki kumwona mjomba akifundisha kwa upole namna ile, hata wajukuu zake.

Wajerumani walipokuja majira ya vuli, Dezső alilazimika kuwaeleza mwenyewe, nami nikatafsiri. Bwana Rüdiger Thoms, nahodha wao, ambaye kila alipotoka kwetu alikwenda kupimwa moyo, hakucheka. Aliomba aonyeshwe koki. Akaizungusha mkononi, akaipima, akauliza inatengenezwa wapi. Kisha wakacheza katika maji vuguvugu na Dezső akashindwa. Jioni wakalewa pamoja kwa brandi ya matunda ya damsoni na kuimba.

Majira ya baridi yaliyofuata ilikuwa zamu yetu kwenda Nukumizawa. Mama Sonobe alitupokea mlangoni mwa nyumba yake ya wageni, theluji imefika madirishani, na kabla hata hatujamaliza chai alikuwa na ombi. Bonde la jirani lilikuwa na mtu anayeitwa Bwana Kurematsu, mwenye mabafu makubwa, bingwa wa sataranji wa mkoa, ambaye alizoea kusema mbele za watu kwamba mabafu ya Nukumizawa yanafaa kuoshea figili. Mama Sonobe alikuwa amemwalika kucheza na bingwa wa Hévkút, katika bwawa la nje la nyumba ile ya wageni. Mtu huyo, aliongeza, joto halimsumbui hata kidogo. Ila maji ya theluji kutoka mlimani nayo yana bomba lake.

Dezső alinisikiliza nikitafsiri, kisha akamgeukia mkewe. Shangazi Margit alishika ufunguo uliokuwa shingoni.

“Huyo Kurematsu, mji wake una udugu na sisi?”

Nikauliza. Jibu likaja kwamba hauna udugu na mtu yeyote.

“Basi kamati ya urafiki haina la kusema,” akasema shangazi, na akamimina chai.

Wakacheza asubuhi, chini ya anga jeupe. Bwana Kurematsu alikuwa mchezaji wa kweli, na Dezső alikaa wima, hakuna utani usoni. Alimbana pole pole, akamfungia ngome, akamwacha mfalme wake bila pa kukimbilia. Hapo maji yakaanza kupoa. Dezső, mtu wa reli aliyesimama maisha yake yote kwenye jukwaa la stesheni katika baridi ya Januari, hakushtuka. Kurematsu alivumilia, akabadilika rangi, akavumilia tena, halafu akaruka nje meno yakigongana na kukimbilia ndani bila kuaga.

Mjomba alibaki peke yake majini, mkono juu ya malkia.

“Mwambie Mama Sonobe,” aliniambia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, “nilikuwa namaliza. Hatua mbili tu. Nilikuwa namshinda kwa akili yangu mwenyewe.”

Nikamwambia. Mama Sonobe, aliyekuwa akifunga bomba, akafikiri kidogo.

“Mwambie nilijua,” akasema. “Lakini mimi ndiye jirani wa huyo Kurematsu. Ningesubirije?”

Dezső alitukana kwa Kihungari hadi alipochoka. Kisha akaomba taulo, na maji yafunguliwe ya moto, tafadhali, kwa sababu hahisi tena vidole vya miguu.