Viti vya Mbele

Saa mbili kasoro asubuhi, Kavindu alikuwa akipanga viti katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya sita, Upper Hill, kisha akivipanga upya. Safu ya mbele aliwaachia wageni wa heshima, kama ilivyo desturi. Alikuwa ameacha kazi benki ili aanzishe mfuko wa kugharamia sayansi isiyo na haraka, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwapata waungaji mkono wa kwanza. Wakikataa, Daktari Nzula, mtafiti wake pekee, angeanza kazi ya kuuza mashine za hospitali Jumatatu. Nzula alitaka miaka thelathini ya kuchunguza vijidudu vya tope la kijito cha Mutuini. Atakachokipata hakukijua, na aliwaambia watu hivyo hivyo.

Shida ni kwamba hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Bwana Taranjit, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, alisema ataingia Mzee Muindi akiingia. Mzee Muindi, mstaafu wa serikali mwenye marafiki katika kila ofisi, alisema ataingia Taranjit akiingia. Walikuwa wamezungushana hivyo tangu Januari, kwa heshima kubwa.

Simu ikalia kutoka langoni.

"Madam, kuna wageni wako hapa hawana ID," akasema Omollo, askari wa lango. "Wanasema bado hawajazaliwa."

"Wameandika majina?"

"Hawajapewa."

"Wape beji tu, Omollo. Wapande."

Wakapanda, wakubwa kwa wadogo, wakasalimia, wakaketi safu ya mbele kwa kuwa viti vilikuwa wazi. Chai hawakuigusa; matumbo yao hayakuwa tayari. Kavindu alifurahi kuona ukumbi una watu, kisha akatazama saa. Wageni walikuwa wakikohoa. Nzula, aliyekuwa amekaa kando na karatasi zake, aliwasikiliza kwa makini, na kikohozi cha namna ile hakuwa amewahi kukisikia popote.

"Dawa yetu umeshaipata kwenye lile tope?" mama mmoja mwenye nyusi nene akamuuliza Nzula.

"Hata sijaanza. Kwani mnajua nitaipata?"

"Sisi tunajua tu tunakohoa, daktari."

Hapo Taranjit na Muindi wakaingia. Taranjit akasimama mbele ya kiti chake, akamtazama yule mama aliyekikalia.

"Huyu ana nyusi za mamangu," akasema, akampa mkono. Halafu akamgeukia Kavindu. "Sasa mimi nakaa wapi?"

Muindi naye alikuta kiti chake kina mzee aliyemzidi umri, mwenye masikio kama yake. Alimwamkia vizuri, akabaki amesimama, akiguna.

Kavindu alijua la kufanya, na alilichukia. Akapita safu nzima akiinama. "Samahani, tusogee nyuma kidogo. Hivi viti ni vya wageni." Wakainuka bila kulalamika, wakaenda kusimama ukutani. Aibu ilimchoma Kavindu, na hakuinua macho.

Nzula akaeleza kazi yake. Katikati ya maelezo Muindi akaomba wanaokohoa wasubiri kwenye korido, ili asikie vizuri. Wakatoka, na wa mwisho akafunga mlango polepole.

"Ni kazi nzuri sana," Muindi akasema baadaye. "Lakini miaka thelathini, madam? Tuanze na mmoja. Na ifikapo Juni mtuletee kitu cha kuonyesha watu."

"Mzee akiingia, mimi niko ndani," akasema Taranjit.

"Wewe ukiwa ndani, nami niko."

Kavindu akashukuru. Nzula akaanza kukusanya karatasi zake. Mwaka mmoja haukutosha hata kulizoea lile tope.

Kwenye korido wale waliokuwa wakikohoa hawakuwapo; beji zao tu zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Kavindu alikuwa akiziokota simu ilipolia.

"Madam, walioingia ni wengi kuliko waliotoka," akasema Omollo. "Wengine wako wapi?"

"Usiwangoje, Omollo."

Taranjit alikuwa nyuma yake, akisubiri lifti, mwenye furaha ya mtu aliyefanya jambo la maana. "Next time, dada, bandika majina kwenye viti vya mbele, ndio watu wasikae ovyo."

Kavindu akaahidi kwamba siku nyingine kila kiti kitakuwa na jina.